Nyumba Iliyopimwa kwa Boriti

Anayeingia kwa mara ya kwanza katika nyumba kongwe ya mawe mjini Lamu hushangazwa na wembamba wa vyumba. Kuta ni nene, dari iko juu, chumba kimekwenda mbali kushoto na kulia, lakini ukinyoosha mikono na kupiga hatua moja umeshaugusa ukuta wa pili. Upana ni kama mita mbili na nusu, na ukizidi sana haufiki tatu. Mgeni atasema kiwanja kilikuwa kidogo, au mwenye nyumba alikuwa bahili. Wala. Waliojenga nyumba hizi katika karne ya 18 walikuwa waungwana wenye majahazi na biashara ya pembe, na viwanja walikuwa navyo. Upana ule uliamuliwa na mti wa mkoko.

Boriti ya mkoko ina nguvu kuliko unene wake unavyoonyesha. Mti wenyewe umejaa tanini, ile ile inayotumika kutengenezea ngozi, na mchwa huukwepa. Lakini kila mti una mpaka wake. Itandaze boriti juu ya nafasi inayopita mita tatu, uitwishe dari ya mawe na chokaa, na baada ya miaka itapinda katikati na dari itapasuka. Mafundi wa Lamu walilijua hilo vizuri. Hawakushindana na mti. Walikichukua kipimo chake kama amri, kisha wakaanza kutafuta kila kinachowezekana ndani yake. Nyumba tunayoisifu leo, yenye misana (vyumba virefu), zidaka (vishubaka vya ukutani) na kiwanda (ua) chake, ni jibu la swali hilo moja: utaishije kwa fahari katika chumba chenye upana wa boriti?

Kaunti ya Lamu ndiyo yenye sehemu kubwa ya mikoko yote ya Kenya, na wakataji wake hadi leo huipanga miti kwa unene, kila unene na jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa. Fito hufungiwa kuta za udongo, pau hubeba makuti, boriti ni ya dari. Miti hiyo hiyo ilipakiwa kwenye majahazi kwenda Uarabuni na nchi za Ghuba, kusikokuwa na miti ya kujengea. Mwandishi wa Australia Alan Villiers, aliyesafiri na mabaharia wa Kuwait mwaka 1938 na 1939, alishuhudia jahazi lao likipakia miti ya mikoko katika delta ya Rufiji. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za Kuwait na Bahrain navyo ni vyembamba. Aliyelala huko na aliyelala mtaa wa Mkomani, Lamu, walitazama dari ya mti mmoja.

Itazame basi dari hiyo, maana hapo kazi ya fundi iko wazi. Boriti zimelazwa sambamba, kati ya moja na ya pili pana nafasi kama shubiri. Katika vyumba vya heshima zimechongwa pembe nne na kutiwa rangi, katika vyumba vya kawaida zimeachwa na umbo lao la mviringo. Juu yake vimetandazwa vibapa vya tumbawe, kimoja kikiegemea boriti mbili, na juu ya vibapa ikamwagwa kokoto iliyochanganywa na chokaa. Kazi yenyewe huanzia hapo. Chokaa haigandi kwa haraka kama saruji. Ikiachwa ikauke peke yake itapasuka na kupitisha maji ya mvua. Kwa hiyo hupigwa. Watu husimama safu juu ya dari, kila mmoja na kipande chake cha mti, wakapiga na kupiga siku baada ya siku huku wakiimba ili mapigo yaende pamoja, na kila pigo hufukuza hewa na kuziba ufa kabla haujazaliwa. Dari iliyopigwa vizuri hubeba watu na vyombo, huzuia joto la mchana lisishuke chini, na yenyewe ndiyo sakafu ya ghorofa inayofuata.

Waliopiga hizo dari, kusema kweli, wengi wao walikuwa watumwa. Uungwana wa Lamu ya karne ya 18 na ya 19 ulisimama juu ya kazi yao: wao ndio waliochimba mawe, wakakata mikoko ndani ya matope, wakachoma chokaa, kisha usiku wakalala katika vyumba vya chini pamoja na maghala. Anayeisifu nyumba na kuwaruka hao hajaisifu nyumba nzima. Mikono mingine iliyomo katika zile kuta haijaandikwa popote, na kazi yake bado imesimama.

Mawe yalikuwa ya namna mbili, na fundi hakuyachanganya ovyo. Ya kuta yalichimbwa nchi kavu, kwenye miamba iliyokuwa bahari zamani. Ni magumu, yana matundu, na hushikana vizuri na chokaa. Ya mapambo yalikuwa matumbawe ya baharini, yakitolewa majini yakiwa bado mabichi. Tumbawe bichi ni laini, tezo inapita, na unaweza kulichonga tao la mlango au kulikata kibapa chembamba. Ukishaliweka juani, linaanza kuwa gumu. Basi mchongaji alikuwa na muda wake, na aliyechelewa alilazimika kurudi pwani kutafuta jiwe jingine.

Chokaa ilitoka katika mawe hayo hayo. Magogo hupangwa duara kwa duara mpaka yawe jukwaa, matumbawe yakarundikwa juu, moto ukawashwa kutoka katikati. Tanuri likishakwisha kuwaka, kilichobaki ni jiwe jeupe jepesi ambalo likimwagiwa maji hufoka, hutoa mvuke na kuvunjika unga. Chokaa hiyo haitumiwi siku ile. Huachwa ilale, wiki na miezi, ikizidi kulainika, na mafundi wa kale waliithamini zaidi ile iliyokaa muda mrefu. Jamaa wengine huniambia huo ni uvivu uliopewa jina zuri. Mimi nawaonyesha kingo za zidaka zilizokaa zaidi ya miaka 200 bila kumomonyoka, na mazungumzo hugeuka.

Kwa nje nyumba haikuambii kitu. Ukitembea Mkomani, vichochoro vyenyewe ni vyembamba hata punda wawili wakikutana mmoja lazima asimame. Pande zote mbili ni kuta ndefu, tupu, na madirisha machache yaliyo juu. Mahali pekee nyumba inapotoa uso ni kwenye daka, ukumbi mdogo wa mlangoni wenye baraza za mawe kushoto na kulia, chini ya kivuli. Hapo bwana wa nyumba alikaa na wenzake, akanywa kahawa, akauza na kununua, akasalimiwa na kila mpita njia. Mgeni wa kawaida aliishia hapo. Nyuma yake upo mlango wa mbao za nakshi wenye mbao mbili, na mfaa umesimama katikati. Uchongaji wa milango ni fani nyingine inayostahili makala yake, na Lamu bado ina karakana zake, lakini leo naipita.

Nyuma ya mlango ni tekani, sehemu ndogo ya kuingilia, na hapo njia inapinda. Aliyesimama kichochoroni, hata mlango ukiwa wazi kabisa, haoni ndani. Ukishapinda unatokea kwenye kiwanda, ua usio na paa, na hapo ndipo nyumba inapoanza kupumua: mwanga wote na hewa yote ya vyumba vitakavyofuata vinatoka katika uwazi huo mmoja. Upande wa kiwanda unafunguka msana wa tini, chumba kirefu chembamba ambacho upande wake mmoja uko wazi. Nyuma yake, sambamba, uko msana wa yuu. Nyuma yake tena ni ndani, chumba cha bibi wa nyumba. Vyote vitatu vimelazwa kama boriti zilivyolazwa darini, kila kimoja upana wa boriti moja. Na kila ukivuka kutoka kimoja kwenda kingine unapanda kidato. Kwa mtu wa nyumbani, kidato hicho ndicho kilichosema nani anaruhusiwa kufika wapi.

Mpangilio huu ungeweza kuzaa nyumba ya kiza, kwa sababu mwanga unaingia upande mmoja tu na lazima uvuke vyumba viwili kabla haujafika cha tatu. Hapo ndipo ninapovua kofia kwa waashi wa Lamu. Ukuta wa mwisho, ule ulio mbali kabisa na kiwanda, ndio walioujaza kazi ya lipu kuliko kuta zote. Unaposimama msana wa tini na kutazama ndani, macho yanapita katika milango, yanavuka vivuli viwili, na kwa mbali yanakutana na ukuta mweupe uliogawanywa safu kwa safu kwa zidaka. Kila ukingo umekamata mwanga kidogo, na kila shimo limeshika kivuli chake. Chumba chenye mita mbili na nusu kinaonekana kana kwamba kinaendelea ng'ambo ya ukuta.

Ukisogea karibu utaona jinsi ilivyotengenezwa. Vigawanyo vya zidaka ni vibapa vyembamba vya tumbawe vilivyosimamishwa na kulazwa mpaka vikafanya visanduku, vingi vikiwa na tao dogo juu. Vimepakwa lipu ya chokaa nyororo, na lipu hiyo ikachongwa kwa ncha ya chuma kabla haijakauka kabisa. Kuna saa chache tu za kazi hiyo. Lipu ikiwa mbichi mno inavutika na kuacha mdomo, ikiwa imekauka inameguka. Kwa hiyo fundi hakupaka ukuta mzima kwa mara moja. Alipaka kiasi atakachoweza kukichonga siku hiyo. Tafuta kwa kidole na utaikuta, pale kazi ya siku moja ilipopakana na ya siku ya pili, mistari myembamba kama unywele, iliyofichwa pembeni mwa tao ambako jicho haliendi. Safu za kulia na kushoto zinalingana, lakini si kwa rula: tao moja limenona kidogo, jingine limelala. Mtu aliyepima kwa jicho alikuwa hapo.

Zidaka zilikuwa na kazi pia, na hii nayo ilitokana na boriti. Katika chumba chembamba kabati halina pa kusimama. Ukuta, kwa upande wake, una unene wa karibu nusu mita, na fundi aliona hapo pana nafasi isiyotumika. Akaifanya kabati. Sahani na bakuli za Kichina zilikaa humo, misahafu ikakaa humo, na vyombo vya thamani vya bibi. Mtafiti Linda Donley-Reid, aliyezichunguza nyumba za Lamu kwa miaka, aliona kwamba zidaka na vyombo vyake viliaminiwa pia kuikinga nyumba na jicho baya, hasa kwa kuwa nyuma ya ukuta huo kuna nyumba kati, chumba kidogo kisicho na dirisha kilichotumika wakati wa uzazi na wakati wa kumwosha maiti. Sina sababu ya kumpinga. Naongeza tu kwamba mwashi aliyejua kukitumia kivuli hivyo hakuwa akijenga hirizi peke yake.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya binti. Mila ya waungwana ilimtaka baba anayeoza bintiye ampe makao, na bwana arusi ndiye aliyehamia. Aliyekuwa na uwezo alipandisha ghorofa juu ya nyumba yake, mwanawe akae juu ya mama yake. Kama kulikuwa na nafasi ng'ambo ya kichochoro alijenga huko, kisha akaziunganisha nyumba mbili kwa kijumba kinachopita juu ya njia, kiitwacho wikio, ili mama na binti watembeleane bila kushuka mtaani. Fundi aliyeanza msingi ilimlazimu awafikirie mabinti ambao hawajazaliwa, maana ukuta wa chini usipokuwa mnene tangu siku ya kwanza, hakuna ghorofa itakayopandishwa baadaye. Mtaa mzima wa Mkomani umekua namna hii, harusi kwa harusi.

Hata chooni kulifikiriwa. Birika la maji lililojengewa pembeni lilitiwa visamaki ili vile mabuu ya mbu, na chini kabisa, sakafuni mwa birika, lilipachikwa bakuli la Kichina ili maji yakipungua samaki wasikose pa kukaa. Nani aliyelibuni, hatuna jina lake, lakini nyumba nyingi za kisasa ninazozijua, zenye vigae na mabomba, hazijafikiriwa kiasi hicho.

Anayetaka kuyaona haya bila kubisha hodi nyumbani kwa mtu, Makumbusho ya Taifa ya Kenya ina nyumba moja ya karne ya 18 mjini Lamu iliyotengenezwa upya na kupangwa vyombo, wazi kwa wageni. Anayetaka kuona mwisho mwingine avuke aende Pate. Huko kuta za majumba ya matajiri zimesimama katikati ya mashamba ya tumbaku, boriti zimekwisha, na safu za zidaka zinatazama anga. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotunga Al-Inkishafi, alizitazama nyumba hizo hizo za Pate na kuona ndege wameingia pale palipopangwa vyombo. Yeye alikuwa akitufundisha juu ya dunia na mwisho wake. Mimi nikiwa Pate huona jambo dogo zaidi: dari ndiyo iliyotangulia. Maji yalipoingia, ncha za boriti zilizofukiwa ukutani zikaoza, dari ikashuka, na kuta zikabaki bila mtu.

Na hivyo ndivyo nyumba inavyokufa hadi leo. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, na sheria za kuulinda zipo. Lakini orodha ya UNESCO haipandi darini kuziba ufa. Nyumba iliyokuwa ya binti mmoja leo ina warithi thelathini, wengine Mombasa, wengine Oman, wengine Uingereza, na hakuna anayetaka kutoa fedha za tanuri la chokaa kwa ajili ya fungu lake la sehemu moja ya thelathini. Basi huuzwa. Wageni wa Ulaya wamenunua nyingi tangu miaka ya 1970 na kuzigeuza nyumba za kulala wageni. Sitawasema vibaya wote. Baadhi yao wametumia chokaa pale ambapo wenyewe tungetumia saruji. Lakini nyumba ambayo nyumba kati yake imekuwa bafu la watalii ina ukuta wake, haina watu wake.

Adui mkubwa zaidi, kwa macho yangu, ni mfuko wa saruji. Fundi wa haraka huja, huona lipu ya kale inabambuka, huibandua na kupaka saruji ngumu. Kwa mwaka wa kwanza inapendeza. Ukuta wa tumbawe, hata hivyo, hufyonza unyevu kutoka ardhini pamoja na chumvi, na chokaa ilikuwa ikiuachia unyevu huo utoke taratibu. Saruji inaufungia. Chumvi inarundikana nyuma yake, jiwe linageuka unga, na siku saruji inapoanguka inashuka na uso wa ukuta. Majengo ya matumbawe hayasamehe uzembe wa muda mrefu, hata yawe makubwa vipi. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883, ilianguka sehemu yake Desemba 2020 ikiwa katika matengenezo, na watu 2 wakafariki.

Ukarabati sahihi si siri, wala hauhitaji mtaalamu wa kutoka mbali. Dari hufunguliwa chumba kimoja kimoja, ikishikiliwa kwa nguzo. Boriti iliyooza hutolewa, mpya ikaingizwa katika tundu lile lile, na dari ikapigwa upya. Wembamba wa chumba unarahisisha mambo: anayeharibikiwa boriti mbili hatafuti mbao ya mita sita, anatafuta mkoko wa urefu ule ule alioutafuta babu yake. Linalotakiwa ni mikoko inayokatwa kwa kibali na kupandwa tena, chokaa iliyolala ya kutosha, na mtu anayejua.

Mtu huyo bado yupo. Mafundi wa chokaa Lamu wamepungua lakini hawajakwisha, na wengi wao umri umekwenda. Kama umerithi fungu katika nyumba ya namna hii, iwe Lamu, Siyu, Mombasa au Unguja, waite ndugu zako kabla ya masika, mkubaliane juu ya dari tu, mengine yangoje. Mtafuteni fundi wa chokaa, mumlipe vizuri, na mweke sharti moja katika mapatano: aje na kijana wa kujifunza.